Urithi wa Ukoo wa Clare (3): Mimba Iliyozuia Mirathi

Wiki iliyopita tulimwacha Gilbert de Clare, kabaila wa Gloucester, akiwa maiti uwanjani Bannockburn, Juni 24, 1314. Alikuwa na miaka 23. Inasimuliwa kwamba aliwavamia Waskoti bila kuvaa joho lenye nembo ya ukoo, nao hawakumtambua. Wangemtambua wangemteka akiwa hai, maana fidia yake ingekuwa donge nono. Mfalme wao, Robert Bruce, alikuwa mwanyumba wake. Aliirudisha maiti bila kudai malipo.

Mwana wa pekee wa Gilbert, John, alikwisha kufa. Kwa sheria ya Uingereza kifungua mimba wa kiume alirithi ardhi yote. Wakibaki wanawake watupu, waligawana sawa kwa sawa. Dada zake wa tumbo moja walikuwa watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth. Ndipo mjane, Maud, aliposema ana mimba.

Wanaojua mirathi ya Kiislamu hawatashangaa: mimba husubiriwa. Lakini ya Maud ilipita miezi tisa, ikapita mwaka. Hugh Despenser, mume wa Eleanor, alipodai fungu la mkewe, alijibiwa kwamba maumbile yanaweza kuchelewesha uzazi. Jibu hilo nalisoma kama kauli ya Mfalme Edward wa Pili mwenyewe, kwani muda wote huo ardhi ilikuwa mikononi mwake.

Mtoto hakuzaliwa. Novemba 1317 mali ikagawanywa, Despenser akapata Glamorgan, kisha akaanza kunyemelea mafungu ya wanyumba wenzake. Mwaka 1321 makabaila wa mpakani mwa Wales walizivamia ardhi zake. Mwaka 1326 alinyongwa Hereford, na Januari 1327 Edward akavuliwa ufalme.

Sasa tuseme Maud alijifungua mtoto wa kiume mwanzoni mwa 1315. Ardhi ya yatima ingekaa chini ya mfalme hadi 1336, atimize miaka 21. Sidai kwamba Despenser angetulia. Mfalme angeweza kumkabidhi uangalizi wa ardhi hiyo. Ila mwangalizi si mwenye mali, na bila Glamorgan sioni angesimama wapi kuwanyang'anya wenzake. Elizabeth naye, bila fungu lake, angetoa wapi fedha za kukifadhili chuo cha Cambridge ambacho hadi leo kinaitwa Clare?

Wiki ijayo tutamfuata huyo Elizabeth, na jinsi Despenser alivyomlazimisha kuiachia Usk.