Kikomo cha Mkopo Kikibadilishwa

Tumchukue mwenye duka la nafaka hapa kwetu Elerai. Benki imempa ovadrafti ya shilingi milioni 5, yaani anaruhusiwa kutoa zaidi ya fedha alizonazo hadi kiasi hicho. Shemeji yake amemdhamini. Msimu wa mahindi unafika, anakwenda kuchukua fedha za mzigo, na dirishani anaambiwa kikomo chake sasa ni milioni 2. Mwenye lori anasubiri nje. Je, benki ina haki hiyo?

Jibu linaanzia kwenye karatasi aliyotia sahihi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imesimama juu ya makubaliano ya hiari. Upande mmoja hauwezi kuamka asubuhi ukaugeuza mkataba peke yake. Lakini tusishangilie mapema. Mikataba mingi ina kifungu kinachomruhusu mkopeshaji kupunguza au kufuta kikomo, na ovadrafti kwa desturi hulipwa benki inapoidai. Aliyetia sahihi amekwisha kukubali, hata kama kifungu chenyewe kilikuwa ukurasa wa mwisho kwa herufi za kuhitaji miwani.

Hata hivyo, ruhusa hiyo si ya kufanya mambo kimyakimya. Kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinamtaka mtoa huduma aeleze masharti waziwazi na amjulishe mteja yanapobadilika. Basi mfanyabiashara wetu adai barua: kikomo kimeshushwa lini, kwa kifungu kipi, na yeye alijulishwa lini. Pengine chanzo ni taarifa zake za mikopo, labda kideni cha kwenye simu alichokisahau. Zikiwa na kosa, ana haki ya kuomba zirekebishwe.

Watu hawaulizi kikomo kinapopanda, maana hapo simu inaleta pongezi. Wenzetu wameliona hilo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2009, mtoa kadi ya mkopo lazima apime kwanza uwezo wa mteja kulipa kabla ya kumwongezea kikomo. Australia tangu mwaka 2018 imekataza kabisa kumshawishi mwenye kadi aongeze kikomo ambacho hakukiomba.

Na hapa ndipo anapoingia yule shemeji. Sheria yetu ya Mikataba inasema kwamba masharti kati ya mkopeshaji na mkopaji yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anatoka katika dhamana kwa yale yatakayofanyika baada ya mabadiliko. Alidhamini milioni 5; wakikubaliana milioni 10 bila kumwuliza, fedha zitakazochukuliwa baada ya hapo si mzigo wake. Mabenki yanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana hati nyingi za dhamana humfanya mdhamini akubali mabadiliko kabla hayajatokea. Shemeji aisome hati kabla ya kushika kalamu, si siku dalali anapobisha hodi.

Malalamiko yapelekwe kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi, na nakala itunzwe. Usiporidhika, nenda Benki Kuu. Tawi lake lipo hapa hapa Arusha. Lakini angalia kama aliyekukopesha kupitia simu ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.