Mshipa au Vena? Tatizo la Istilahi katika Upigaji Picha wa Kitako cha Fuvu

Makala haya yanajadili utata wa neno mshipa katika maelezo ya kitabibu. Kwa mgonjwa wa Mbeya au Iringa, ambaye lugha yake ya kwanza huenda ni Kinyakyusa au Kihehe, mshipa wa Kiswahili waweza kuwa vena, ateri, neva, hata ugonjwa wa ngiri. Mazungumzoni muktadha hutosha. Katika kitako cha fuvu hautoshi. Hapo vena ya jugula hushusha damu ya ubongo kupitia tundu lile lile zinamopita neva ya 9, ya 10 na ya 11. Aghalabu njia ya kulia ni pana kuliko ya kushoto. Kwa baadhi ya watu njia moja ni nyembamba mno, na damu hupitia zaidi upande wa pili au vena ndogo za pembeni. Ndiyo sababu vena hupigwa picha kwa CT au MRI kabla ya tiba ya kupitisha mrija: ikizibwa ile inayotegemewa, ubongo waweza kuvimba. Basi mgonjwa anapoombwa ridhaa aambiwe "vena", kisha aelezwe kuwa ni mshipa urudishao damu moyoni. Istilahi na ufafanuzi wake havina budi kwenda pamoja.