Mafuta na Maji ya Lori: Tusichague kwa Rangi

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Mikindani hata Msimbati, na juu kwenye uwanda wa Makonde hata Newala, lori kuukuu ndilo shamba la pili la jamaa. Wakati wa korosho huchukua magunia kwenda ghalani. Korosho zikiisha hubeba chumvi, muhogo, mawe ya kujengea, na hata madawati ya shule. Nchi hii ilipata kuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947, ikatoka Mtwara kwenda Nachingwea. Mradi ukaachwa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa mapema katika miaka ya 1960. Tangu hapo mizigo ya kusini imekwenda kwa magurudumu ya mpira. Na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma mwaka 2010, safari zimezidi kuwa ndefu.

Kwa kuwa fundi mwema hayuko katika kila kijiji, wenye malori wengi hubadili mafuta na maji ya gari wao wenyewe, chini ya mwembe, pamoja na utingo na vijana wa nyumbani. Hatuwalaumu, maana nasi twafanya vivyo hivyo. Kufungua nati na kumwaga oili si kazi ya shida. Shida iko dukani, mtu asimamapo mbele ya makopo mengi, mekundu na ya buluu na ya manjano, kila moja lina herufi na namba zake, na mwenye duka amwambia, "Chukua hili, yote ni mamoja." Neno hilo si kweli, nasi tulijifunza kwa hasara. Yafaa tuanze kwa kuliungama kosa letu.

Tulikuwa na lori dogo lenye breki za mafuta. Siku moja dereva wetu, mzee aliyeendesha miaka mingi, alituambia ya kuwa mafuta ya breki yamekuwa meusi, akaomba kopo jipya. Tukamjibu, "Mzee, liko kopo ghalani, limebaki nusu." Kopo hilo lilikuwa limefunguliwa tangu mwaka uliopita, nalo lilikaa karibu na bahari majira yote ya mvua, kifuniko kimelegea. Mzee akalitazama, akasema, "Hili limekwisha kunywa hewa ya pwani." Sisi tukacheka, tukadhani ni maneno ya kizee. Naye akatii, akayatia.

Juma lile lori likatoka Newala na madawati ya shule, literemke kwenda Masasi. Newala iko ukingoni mwa uwanda, na barabara hushuka sana kuelekea bondeni. Mzee alishika breki mara nyingi, breki zikapata moto. Katikati ya mteremko akakanyaga, mguu ukazama mpaka chini kama mtu akanyagaye pamba. Hakupotewa na akili. Akaingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza lori kwenye ukuta wa udongo kando ya barabara. Madawati yakamwagika, utingo akavunjika mkono. Hakufa mtu.

Fundi alipofika baada ya saa nyingi alikanyaga breki, akaziona ngumu na nzima. Hakuna bomba lililovuja. Basi tukamgeukia mzee, tukamwambia ya kuwa alisinzia. Yeye hakujitetea sana. Alisema tu, "Wanangu, lichunguzeni lile kopo." Hatukulichunguza. Miezi ikapita, hata fundi mwingine akatueleza jambo lenyewe, ndipo tulipokwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Maelezo aliyotupa fundi yule ndiyo tutakayo kuwapa ninyi leo.

Kwanza, mafuta ya breki. Jina lake ni mafuta, lakini hayana udugu na oili ya injini wala na mafuta ya taa. Yale ya kawaida yametengenezwa kwa glaikoli, kitu kinachonyonya unyevu wa hewa kama chumvi inyonyavyo wakati wa mvua. Kopo huandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1, na namba hizo zaonyesha ni moto kiasi gani yanaweza kuustahimili. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikiisha kunywa maji kadiri ya kipimo kilichowekwa, kiwango hicho hushuka hata nyuzi 140. DOT 4 huanza kwa nyuzi 230, nayo hushuka hata 155. Sasa, breki za lori lenye mzigo katika mteremko hupata moto mkali sana. Maji yaliyomo ndani yakichemka huwa mvuke. Na mvuke hubonyea, lakini mafuta hayabonyei. Dereva akanyagapo hubonyeza mvuke tu, na nguvu ya mguu wake haifiki kwenye gurudumu. Breki zikipoa mvuke hurudi kuwa maji, na pedeli huwa ngumu tena, kana kwamba halikutokea neno. Ndiyo sababu fundi wa kwanza hakuona kitu, na mzee akaonekana mwongo naye alisema kweli.

Kwa ajili hii shikeni mambo haya. Someni kifuniko cha kikombe cha breki au kitabu cha gari, mkanunue namba iliyoandikwa pale. Nunueni kopo dogo ambalo halijafunguliwa. Lililobaki msiliweke akiba. Katika hewa yetu ya bahari badilini mafuta hayo yote kila mwaka, au angalau kila miaka miwili, hata kama hayajapungua. DOT 5, isiyo na nukta moja mbele yake, ni kitu kingine kabisa, maana imetengenezwa kwa silikoni; msiichanganye na hizo nyingine. Wala msitie oili ya injini hata kidogo katika breki, kwa kuwa huvimbisha mipira iliyomo ndani, na breki yote huharibika. Wenye malori makubwa, ambayo breki zake hushika kwa upepo, hawana mafuta haya. Lakini wao nao wana adui yule yule, yaani maji. Wafungue matangi ya upepo kila siku, unyevu uliokusanyika utoke.

Pili, oili ya injini. Kopo lina maandiko mawili ya kutazama. La kwanza ni kama 15W-40 au 20W-50. Namba iliyo mbele ya W yaeleza jinsi oili itiririkavyo katika baridi. Kwetu, ambako hakuna theluji, hiyo si ya kutusumbua sana. Namba ya nyuma yaeleza uzito wake ikiwa imepata moto, na hiyo ndiyo itupasayo kuiangalia, hasa kwa lori livutalo mzigo katika mchanga wa njia ya Msimbati. Andiko la pili ni herufi. Herufi S ni ya injini za petroli, na herufi C ikifuatwa na herufi nyingine na namba, kama CI-4, ni ya injini za dizeli. Mtu akitia oili ya petroli peke yake katika dizeli, injini haitakufa siku ile. Itakula umri wake polepole, na mwenyewe hatajua sababu.

Watu wengi hudhani ya kuwa oili ikigeuka nyeusi upesi ni mbovu. Katika dizeli si hivyo. Oili njema huosha masizi na kuyabeba, kama maji ya kufulia yanavyobeba uchafu wa nguo. Ogopeni zaidi oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana hiyo imeingiliwa na maji. Na walio na malori mapya yenye chujio la masizi katika bomba la moshi watafute oili yenye majivu machache, kama kitabu cha gari kisemavyo. La sivyo chujio huziba.

Tatu, maji ya rejeta. Hapa kosa la pwani ni kusema, "Dawa ya rejeta ni ya nchi za barafu, sisi maji yatutosha." Lakini dawa hiyo ina kazi tatu. Huzuia kuganda kwa maji, na hilo kweli halituhusu. Huzuia kutu ndani ya injini. Tena huinua kiwango cha kuchemka: nusu dawa na nusu maji huchemka karibu na nyuzi 107, hata kabla ya kuhesabu nguvu ya kifuniko cha rejeta. Maji ya visima vya mwamba wa matumbawe yana chokaa na chumvi nyingi. Tazameni ukoko mweupe ulio ndani ya birika. Ndio huo huo ujengwao katika vijia vya rejeta, mpaka maji yasipite. Changanyeni dawa na maji yaliyotoneshwa, yale yatiwayo katika betri. Au nunueni ile iliyokwisha kuchanganywa.

Rangi ya dawa isiwadanganye. Kijani, nyekundu na buluu ni rangi aliyopenda mtengenezaji. Hakuna sheria moja ya wote. Aina mbili zikichanganywa huweza kupotezana nguvu, au kuganda kama uji. Mkipatwa njiani, tieni maji safi mfike nyumbani, kisha mwageni yote, mwoshe, mtie upya. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa na moto. Na wazazi wasikie neno hili: dawa nyingi za rejeta zina ladha tamu, nazo ni sumu ya kuua. Msiziache katika chupa ya soda wala katika sufuria uani, penye watoto na mbuzi.

Nne, oili ya giaboksi na ya difu. Makopo yake huandikwa GL-4 au GL-5, na wengi hufikiri ya kuwa namba kubwa ni bora kila mahali. GL-5 ina dawa kali ya kulinda meno ya difu yanayosuguana kwa nguvu nyingi, na hapo ndipo mahali pake. Lakini katika giaboksi nyingi mna pete za shaba, na dawa hiyo huweza kuila shaba. Giaboksi ikitaka GL-4, ipewe GL-4.

Mwisho, oili iliyomwagwa. Ikingeni katika debe, msiiache inywe mchangani. Tangu mwaka 2000 Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mikoko ile ndiyo malezi ya samaki na kamba tulao. Mpelekeeni mtu wa karakana aliye na pipa la kukusanyia, na kila aliyefanya kazi aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Nanyi walimu, hapa pana somo jema la kusoma na kuandika. Mwanafunzi ambaye baba yake ana lori na afungue kitabu cha gari, aandike katika karatasi moja kila kitu kitakiwacho: breki, injini, rejeta, giaboksi, difu. Karatasi hiyo na ibandikwe mbele ya dereva. Akienda dukani asome karatasi na asome kopo, na maandiko yakipatana, anunue. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wetu sisi ulikuwa kifuniko kilicholegea.

Mkono wa utingo ulipona, ingawa haukunyoka sawasawa. Mzee naye alitusamehe, akarudi kazini kwa sharti moja tu: mafuta ya breki atayanunua mwenyewe, na kopo atalifungua mwenyewe, mbele yetu.