Matoleo mawili ya Python ndani ya mashine moja: seva nyingi hukwama hapa

SEVA inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux haihitaji virusi wala mvamizi ili ikwame. Anatosha fundi mmoja mwenye nia njema, ambaye baada ya kuweka toleo jipya la lugha ya kuandikia programu huliondoa la zamani akidhani kwamba limemaliza kazi yake.

Lugha inayoonyesha tatizo hilo kwa uwazi zaidi ni Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, mtaalamu kutoka Uholanzi. Lugha hiyo haitumiwi na waandishi wa programu pekee. Watengenezaji wa aina mbalimbali za Linux nao wameitumia kuandikia vyombo vya mfumo wenyewe, vikiwamo vile vya kuingiza na kuondoa programu. Ndiyo maana Python huwamo ndani ya mashine hata kabla mwenye mashine hajaihitaji.

Desemba 3, 2008 lilitolewa toleo la 3.0, ambalo watengenezaji wake waliamua kwa makusudi lisipatane na matoleo ya 2. Baadhi ya tofauti hujitokeza mara moja, kwa sababu programu ya zamani hukataa kabisa kufanya kazi. Nyingine ni za hatari zaidi kwa kuwa hazipigi kelele. Katika Python 2, kugawa 7 kwa 2 huleta jibu la 3, kwani sehemu iliyobaki hutupwa. Katika Python 3 jibu ni 3.5. Programu ya kugawanya malipo iliyotegemea kanuni ya kwanza itaendelea kufanya kazi chini ya ya pili, ila hesabu zake zitakuwa nyingine, na hakuna onyo lolote litakaloonekana kwenye kioo.

Tofauti nyingine kubwa ilihusu namna ya kuhifadhi maandishi. Kwa hilo, data za Kiswahili zilipata nafuu, kwa kuwa herufi zake za Kilatini hazina alama za juu kama zile za Kifaransa, ambazo ziliwasumbua wengi.

Kutokana na ugumu huo, uhamaji ulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Toleo la 2.7 lililotoka mwaka 2010 lilipangiwa kusitishwa mwaka 2015, lakini mwaka 2014 muda wake uliongezwa hadi Januari mosi, 2020. Toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, lilitolewa Aprili mwaka huo. Kwa zaidi ya miaka kumi, basi, mafundi walilazimika kuishi na matoleo mawili yasiyoelewana ndani ya mashine moja.

Hapo ndipo wengi walipoumia. Katika CentOS 7, iliyotumiwa sana katika seva, amri ya kuingiza programu iitwayo yum iliandikwa kwa Python 2. Mstari wa kwanza wa faili lake uliielekeza mashine kumtafuta mkalimani aitwaye python katika saraka ya /usr/bin. Fundi aliyeligeuza jina hilo ili limwite Python 3 alimkabidhi yum mkalimani asiyeielewa lugha yake, na amri ikakataa kwa kosa la sarufi. Ubaya ni kwamba chombo alichokihitaji ili kurejesha Python iliyoharibika kilikuwa yum huyo huyo.

Waliotengeneza mifumo walilishughulikia jina hilo kila mmoja kwa njia yake. Arch Linux ililigeuza kuwa la Python 3 mwaka 2010, hatua iliyovunja programu nyingi wakati huo. Red Hat walichukua njia ya busara zaidi: katika toleo la 8 la mwaka 2019 waliificha Python ya mfumo katika saraka ya pembeni, nje ya njia anayopita mtumiaji wa kawaida, wakamwachia mwenye seva achague toleo la kazi zake.

Wapo waliodhani kwamba kuondoka kwa Python 2 kungemaliza kero hiyo. Haikuwa hivyo. Tangu mwaka 2020 toleo jipya la Python 3 hutolewa kila Oktoba, na kila moja hutunzwa kwa miaka mitano. Ubuntu 22.04 ilikuja na toleo la 3.10, na Ubuntu 24.04 ikaja na 3.12. Baadhi ya maktaba za mfumo hutengenezwa kwa ajili ya toleo moja tu. Ukiligeuza jina la python3 liite toleo jingine, vyombo vinavyozitegemea maktaba hizo huanza kulalamika, na katika Ubuntu imetokea hata dirisha la kuandikia amri likagoma kufunguka.

Kanuni inayofuatwa na mafundi wazoefu ni moja: Python ya mfumo haiguswi, na inayohitajika kwa kazi huwekwa kando yake. Jambo hilo linawezekana kutokana na namna Linux inavyotafuta amri. Mtumiaji anapoandika neno, mashine hupitia orodha ya saraka moja baada ya nyingine, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo huendeshwa. Anayeweza kuweka saraka yake mwanzoni mwa orodha anaweza kujipatia toleo jingine bila kufuta chochote, huku vyombo vya mfumo vinavyotaja anwani kamili vikiendelea na mkalimani wao wa siku zote.

Chombo kiitwacho pyenv hufanya hivyo hasa. Hujenga kila toleo ndani ya saraka ya mtumiaji, kisha hutanguliza katika orodha hiyo vijiprogramu vidogo vinavyosoma faili lililomo katika saraka ya kazi ili kujua toleo lipi liitwe. Mradi mmoja unaweza kutumia 3.8 na wa jirani 3.12. Watumiaji wa Ruby wana rbenv, ambayo pyenv ilitokana nayo, na wa Node.js wana nvm.

Kwa Java, Debian na jamaa zake wana amri ya update-alternatives, ambayo hubadilisha viungo ili jina moja lielekee toleo lililochaguliwa. Ni amri nzuri, lakini mabadiliko yake hugusa mashine nzima, hivyo kuitumia kwa Python ni kurudi kwenye shimo lile lile.

Lipo pia suala la maktaba. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python ina venv, ambayo huupa kila mradi chumba chake cha maktaba. Kwa miaka mingi wengi hawakuitumia, wakazirundika maktaba zao juu ya zile za mfumo. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilifunga mlango huo: pip hukataa na kumwelekeza mtumiaji atengeneze chumba. Anayeshikilia msimamo wake lazima aongeze maneno ambayo tafsiri yake ni “vunja vifurushi vya mfumo”, na mtu hawezi kudai baadaye kwamba hakuonywa.

Njia ya pyenv nayo ina gharama yake. Toleo lililojengwa na fundi mwenyewe halipati viraka vya usalama kupitia masasisho ya kawaida ya mfumo; ni lazima yeye akumbuke kulijenga upya kila kinapotoka kipya. Kwa upande mwingine, Red Hat waliendelea kuiwekea viraka Python 2.7 ya toleo lao la 7 hata baada ya wenye lugha kuiacha mwaka 2020, na CentOS 7 ilifaidika na kazi hiyo hadi ilipofikia kikomo chake Juni 30, 2024. Seva ambazo bado zinaiendesha hazipati tena viraka vya bure kutoka huko.