Hesabu siku kuanzia kwenye ua

Pakiti ya mbegu za nyanya imeandikwa siku 75, na mwenye bustani ya uani huanza kuhesabu tangu siku aliyosia mbegu kitaluni. Siku ya 75 inafika, mmea una majani matupu, na muuza mbegu anabebeshwa lawama. Kwa kawaida siku hizo huhesabiwa tangu mche unapohamishwa kutoka kitaluni, kwa hiyo kuna wiki nne hivi za kuongeza. Na hata ukihesabu sawasawa, pakiti haijui kama unalima Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, au Hale, bondeni kando ya Mto Pangani, ambako joto la Februari halipungui sana hata usiku. Ndiyo maana nasisitiza tulitazame ua. Likishachanua, unaweza kukadiria siku ya kuchuma bila kukosea sana, na unajua pia mmea unataka chakula gani.

Bamia ndiyo mwalimu mzuri wa kuanzia. Ua lake ni la njano iliyopauka, lenye doa la zambarau iliyoiva ndani kabisa. Hufunguka asubuhi, jioni limeshanyauka, na muda si mrefu linadondoka na kuacha kibamia kidogo kimesimama kwenye kikonyo. Kwa joto la Hale, kibamia hicho ni cha kuchumwa siku ya 4 hadi ya 6 baada ya ua. Ukitaka uhakika, pinda ncha yake: ikikatika mara moja ni laini bado, ikipinda bila kukatika imeshakuwa na nyuzi. Chuma kila baada ya siku moja, hata kama nyumbani hamna hamu ya bamia. Tunda likikomalia juu, mmea unapeleka nguvu kwenye mbegu na maua mapya yanapungua. Wengi wanaolalamika kwamba bamia zao zimeacha kuzaa, ukienda kutazama utakuta matunda matatu manne yaliyokauka yananing'inia shinani.

Nyanya ni habari nyingine, na hapa ndipo Hale inapotofautiana kabisa na Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua yake haivumilii joto. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 22 hivi, au mchana ukipita nyuzi 32, chavua inadhoofika na ua linapukutika likiwa na kikonyo chake. Mkulima anadhani mmea una njaa, anaongeza UREA, mmea unatoa majani mengi zaidi na maua yanaendelea kudondoka. Mbolea haiwezi kutibu joto. Dawa yake ni kupanga tarehe ili maua yatoke wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku unapopoa. Sia mbegu kitaluni katikati ya Aprili, hamisha miche katikati ya Mei, na maua ya kwanza utayaona katikati ya Juni. Kutoka ua hadi nyanya nyekundu ni wiki 6 hadi 8, kwa hiyo Agosti unachuma. Usingoje iivie yote mtini: ikianza kubadilika rangi kitakoni itaivia ndani ya nyumba, na ndege na nzi wa matunda wataikosa. Miezi ya Januari na Februari waachie bamia, kunde na mchicha, mimea inayolipenda jua hilo.

Sasa chakula. Kabla ya ua, mmea unajenga majani na shina, na unataka naitrojeni: samadi iliyooza vizuri wakati wa kupanda, kisha UREA kidogo sana wiki ya pili au ya tatu baada ya kuhamisha. Ua la kwanza likionekana, punguza mkono kwenye naitrojeni na fikiria potasiamu, inayojaza tunda. NPK inafaa, kizibo kimoja cha soda kwa kila mche, kikizungushwa mbali kidogo na shina na kufukiwa, kisha maji. Asiye na fedha ya NPK ana jivu la kuni jikoni, lenye potasiamu na chokaa. Lakini jivu lisichanganywe na UREA wala samadi mbichi, kwa sababu yakikutana naitrojeni hugeuka gesi ya amonia na kupotelea hewani. Ile harufu kali inayopanda puani ni mbolea yako inayokukimbia.

Chokaa hiyo ina kazi yake mahali kama Hale. Sehemu kubwa ya ardhi ya hapa imebeba mkonge kwa vizazi, na mkonge hunyonya kalisiamu nyingi. Utafiti wa muda mrefu wa kituo cha Mlingano, Muheza, umeonyesha jinsi udongo wa mashamba ya mkonge ya Tanga unavyochoka na kuwa na asidi. Nyanya inayooza kitako ikiwa changa mara nyingi imekosa kalisiamu, ama kwa sababu udongo hauna, ama kwa sababu leo imeloweshwa na kesho imeachwa ikauke. Kwa udongo wa namna hiyo changanya jivu ardhini mapema, kabla ya kupanda, na mwagilia kwa kipimo kilekile kila siku. Jani la mkonge linatoa nyuzi asilimia 4 hivi tu ya uzito wake, na mabaki yanayosalia ni mboji nzuri yakiozeshwa kwanza. Yakiwekwa mabichi, asidi yake inachoma mizizi.

Maboga yana fumbo lake. Maua ya mwanzo huwa madume matupu, na watu wanaogopa kwamba mmea ni tasa. Subiri. Ua jike litakuja na kiboga kidogo nyuma yake. Yote hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na nyuki wana saa hizo chache tu, basi dawa ya wadudu isipuliziwe asubuhi. Boga la kuhifadhi liko tayari kikonyo kikikauka na ukucha ukishindwa kupenya ganda.

Mboga za majani zinageuza hesabu yote hii. Kwa mchicha, ua ni taarifa ya kuchelewa. Mmea huu huharakishwa kutoa maua na usiku mrefu, na hapa, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, zaidi ya nusu saa kidogo tu, kwa hiyo hakuna msimu wa kuuzuia. Ukiukosesha maji, unakimbilia mbegu haraka zaidi. Watu wa Hale wanaijua tabia hii kwa mkonge: ukishatoa mlingoti, umemaliza. Mchicha wa kung'oa uvune wiki ya 3 au ya 4 tangu kusia. Wa kukata, ukate ukiacha shina la sentimita 15, umwagilie, uupe naitrojeni kidogo, na baada ya wiki moja au mbili urudi. Kila wiki mbili sia tuta jipya dogo, ili la zamani likianza kutoa masuke usiwe na sababu ya kulibembeleza. Miche miwili mitatu yenye afya iache ikomae: masuke yakikauka, yapukute juu ya gunia, upepete, na mbegu za kusia mwezi ujao unazo.