Vyanzo vya Kujifunzia Lugha na Historia ya Wenyeji wa Mpakani: Mfano wa Busia na Malaba

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayetaka kuzijua lugha, mila na historia ya wenyeji wa Busia na Malaba hakosi vyanzo. Akosacho ni mwongozo wa kumfikisha kwenye vyanzo hivyo. Vitabu vipo, nyaraka zipo, sarufi zipo, na wazee wenye kumbukumbu wangalipo. Ila vyote vimetawanyika katika nchi mbili, tena mara nyingi chini ya majina ambayo wenyeji wenyewe hawajiiti. Makala haya yanakusudia kueleza vyanzo vikuu ni vipi, kila kimoja kinafaa kwa jambo gani, na kina upungufu gani.

Upande wa Kenya, sehemu za kusini na za kati hukaliwa na wasemaji wa Lukhayo, Lusamia, Lumarachi na Lunyala, ambazo zote ni lahaja za Kiluhya na huingizwa katika kundi la JE30 la lugha za Kibantu. Kaskazini, kuanzia Amukura hadi Amagoro na Malaba, wanakaa Wateso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti cha Mashariki, jamaa ya Kiturkana na Kikaramojong. Wasemaji wa Dholuo nao wamo. Ng'ambo ya mpaka Lusamia inaendelea, ikiambatana na Lugwe katika Busia ya Uganda. Na Kiteso kinaendelea katika Tororo, kikipakana na Dhopadhola. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 893,681 katika Kaunti ya Busia, lakini hesabu hiyo inaishia mpakani, na lugha haziishii hapo.

2. Mpaka na Majina

Yafaa ikumbukwe kwamba hadi mwezi wa Aprili 1902 eneo hili la upande wa Kenya lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ndipo lilipohamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ilikuwa Kenya. Mwaka huohuo C. W. Hobley alichapisha uchunguzi wake uitwao Eastern Uganda. Mtafiti wa leo akiliona jina hilo katika orodha ya maktaba huenda akalipita, akidhani kuwa kitabu kinahusu nchi nyingine. Kumbe sehemu yake kubwa inahusu watu ambao leo ni Wakenya.

Majina ya watu nayo yana matatizo yake. Katika maandishi ya zamani Wateso wa sehemu hizi huitwa Elgumi au Wamia. Wabukusu, majirani zao, huitwa Kitosh. Na Waluhya kwa jumla ni Bantu wa Kavirondo. Jina Luhya lenyewe lilianza kuenea kama jina la wote katika miaka ya 1930 na 1940. Utawala pia ulibadilika mara nyingi. Nyaraka za mwanzo ziko katika majalada ya Kavirondo ya Kaskazini, za baadaye katika Nyanza ya Kaskazini na Elgon Nyanza, na Wilaya ya Busia haikuwapo mpaka 1963. Kwa hiyo mwanafunzi anayeingia katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi na kuuliza habari za "Busia" katika miaka ya 1920 huenda akaambiwa hakuna kitu. Kitu kipo, jina ndilo silo. Kazi ya kwanza ya mtafiti, basi, ni kujitengenezea orodha ya majina ya kale na ya sasa kabla ya kufungua jalada lolote.

3. Vitabu vya Historia na Mila

Katika historia, kazi za msingi ni za John Osogo (1966) na Gideon Were (1967), zote mbili juu ya Waluhya. Were alitoa pia, mwaka huohuo wa 1967, Western Kenya Historical Texts, mkusanyo wa masimulizi ya Waluhya, Wateso na Wakalenjin wa Elgon. Thamani ya mkusanyo huo haijapungua. Msomaji anaweza kuyalinganisha maneno ya wasimulizi na fasiri ya mwanahistoria, na kuamua mwenyewe kama fasiri hiyo inasimama. Historia ya Waluo ya B. A. Ogot (1967) humfaa anayetaka kuwaelewa Wapadhola.

Kuhusu Wateso kuna kazi tatu zisizopaswa kuchanganywa. J. C. D. Lawrance (1957) aliandika akiwa mtu wa utawala nchini Uganda, na macho yake yalikuwa huko. J. B. Webster na wenzake (1973) walichunguza enzi ya Asonya kwa kutegemea masimulizi. Ivan Karp (1978) ndiye aliyewaandikia hasa Wateso wa Kenya, na kwa Malaba na Amukura kitabu chake ndicho cha kuanzia. Günter Wagner (1949 na 1956) husifiwa kwa haki, lakini utafiti wake ulikaa zaidi kwa Walogoli na Wabukusu. Kuchukua alichosema juu ya hao na kukifanya kuwa mila ya Wasamia, waliojulikana kwa ufuaji wa chuma, ni kosa la utaratibu wa utafiti.

4. Vyanzo vya Lugha

Kwa Kiteso, sarufi ya Hilders na Lawrance (1956) na msamiati wao (1958) bado ni vya msingi. Hata hivyo Kiteso cha maandishi kilijengwa juu ya usemi wa Wateso wa kaskazini, nchini Uganda, ilhali usemi wa kusini, wa Tororo na Busia, umekaa karne nzima na zaidi ubavuni mwa lugha za Kibantu na kupokea maneno yake. Mwalimu akivifanya vitabu hivyo kuwa kipimo pekee, mtoto wa Malaba ataonekana amekosea katika lugha ya mama yake.

Kwa Kiluhya jambo kama hilo lilitokea kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha ilijaribu kuunda Kiluhya kimoja cha maandishi, na Lee Appleby akatoa msamiati wake 1943. Umoja huo haukupata kukubaliwa na wasemaji wote. Rachel Angogo Kanyoro (1983) alipima ukaribu na tofauti za lahaja hizo kwa utaratibu wa isimu. Robert Botne na wenzake (2006) wakaeleza kitenzi cha Lusamia. Na Michael Marlo (2007) akachambua toni za vitenzi vya Lumarachi na Lunyala.

Mwanaisimu aliyelelewa katika sarufi ya Kiswahili atajikuta nyumbani katika Lusamia, kwa kuwa mpangilio wa ngeli anaujua. Katika Kiteso asitafute ngeli za Kibantu. Huko viambishi vya mwanzo huonyesha jinsi: etesot ni mwanamume, atesot ni mwanamke, iteso ni wengi.

5. Masimulizi

Vyanzo vya midomo havina kibadala, lakini vina masharti. Kwanza, msimulizi aulizwe ukoo wake, kwa maana historia ya sehemu hizi ni historia ya koo kabla ya kuwa historia ya makabila. Pili, wanawake wasiachwe nje. Miongoni mwa Wateso, etale, yaani miiko na desturi za ukoo, hugusa sana mambo ya uzazi. Mtafiti anayewahoji wanaume peke yao atarudi na nusu ya habari.

Tatu ni lugha ya mahojiano. Kiswahili ni chepesi na hueleweka na wengi, lakini husawazisha palipo na vilima. Mtafsiri atasema "ukoo" kwa neno ateker la Kiteso na vilevile kwa oluyia la Kiluhya. Oluyia, hata hivyo, ni mahali pa moto walipokutana watu wa ukoo kuamua mambo yao. Na ateker siku hizi hutajwa pia kwa maana ya jamii nzima ya Wateso, Waturkana na Wakaramojong. Neno moja la Kiswahili limeficha fikra mbili za siasa. Basi na yanakiliwe maneno ya msimulizi katika lugha yake, na tafsiri ifuate baadaye.

6. Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka Serikali kuendeleza lugha za wenyeji, na mtaala wa umilisi umezipa nafasi katika madarasa ya chini. Amri hiyo haiwezi kutekelezwa kwa vitabu visivyoonekana. Tangu Februari 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo mzigo hukaguliwa mara moja tu na nchi zote mbili. Taaluma haijafika hapo. Nyaraka ziko Nairobi na Kampala, na vitabu viko Makerere, Maseno na kwingineko, kila mahali pakiwa na orodha yake. Idara za lugha za pande mbili zikianza na orodha moja ya pamoja, yenye majina ya kale na ya sasa bega kwa bega, mwalimu wa Malaba ataweza kujua kilichoandikwa juu ya watu wake, na kuwaeleza wanafunzi wake ni wapi kilipokosea.