Una Mabamvu Mangapi?

Mtafiti wa pwani hapangi kazi zake kwa kalenda ya ukutani. Huzipanga kwa mwezi wa angani. Kule Paje, mashariki ya Unguja, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika hadi mita 4, na mnamo saa nne za asubuhi bahari imeshajiondokea mbali, imeacha mashamba ya mwani wazi kwa saa mbili tatu. Ndani ya saa hizo mwanafunzi wa uzamili apime joto la maji, apime chumvi, ahesabu matawi yaliyougua, apime uzito wa mengine, na yote ayaandike. Kisha maji yanarudi, wala hayamsubiri mtu. Aliyeachwa na daladala asubuhi hiyo ana siku chache tu za kujaribu tena, halafu yanaingia maji mafu, na bamvu jingine liko wiki mbili mbele.

Kila unapokaribia mwaka mpya wa masomo, wahitimu wa sayansi hunijia ofisini na swali lao: "Mwalimu, nisome uzamili wa nini?" Nami huwarudishia langu: "Una mabamvu mangapi?" Wengine hucheka. Wakikaa chini tukapiga hesabu, kicheko huisha.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa Tanzania, mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu unaiweka shahada ya uzamili ngazi ya 9, juu ya shahada ya kwanza iliyo ngazi ya 8 na chini ya uzamivu ulio ngazi ya 10. Inadai krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, jumla saa 1,800. Mlango wa kuingilia kwa kawaida ni wastani wa alama usiopungua 2.7 kati ya 5, pale linapoanzia daraja la pili la chini. Programu nyingi huchukua miezi 18 hadi 24. Chukua ile ya miezi 18: kama tisa au kumi hivi huishia darasani. Miwili inakwenda kwenye andiko la utafiti na vibali. Mitatu ya mwisho ni ya kuchambua, kuandika na kusahihisha tasnifu. Kwa ukusanyaji wa data imebaki mitatu au minne. Mwaka mzima una mabamvu yapata 25. Wewe umebakiwa na sita, yakizidi manane.

Anayesoma misitu atahesabu masika badala ya mabamvu, na anayesoma mbu vilevile. Mwenzao wa kemia ana hesabu yake: siku ambazo mashine ya maabara ni nzima, kitendanishi kimefika na umeme haujakatika. Kila tawi la sayansi asilia lina bamvu lake, na sharti la kwanza la kuisoma shahada hii ni kulijua lako kabla hujalipa ada.

Kulipunguza swali

Kwenye shahada ya kwanza, kila zoezi la maabara lina jibu ambalo mkufunzi analo mfukoni. Ukikosea atakuonyesha ulipokosea. Kwenye uzamili mkufunzi jibu hana, msimamizi hana, na kitabuni halimo. Ndiyo maana wanafunzi wengi, wakiogopa kuonekana wadogo, hujikinga kwa swali kubwa. Andiko la kwanza ninalopokea mara nyingi lina kichwa cha namna hii: "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo cha mwani Tanzania."

Mada ni ya kweli, tena ina historia nzito. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiutafiti mwani tangu miaka ya 1970, kabla kilimo cha biashara hakijaanza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima walio wengi ni wanawake. Aina mbili zinazolimwa ni spinosamu na kotoni, na zote mbili hutoa karajina, ute unaoshikamanisha dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingine vya viwandani. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri, lakini ndiyo isiyovumilia joto. Maji yanapochemka kwenye miezi ya kaskazi, kotoni hubadilika rangi, hulainika na kukatika. Mashamba mengi ya maji mafupi yameiacha, yamebaki na spinosamu.

Sasa lete mabamvu yako sita mbele ya mada hiyo. Tanzania nzima? Haiwezekani, chagua kijiji kimoja au viwili. Tabianchi? Hiyo hupimwa kwa miongo. Wewe pima joto la maji la msimu mmoja. Kilimo, maana yake mavuno, mapato au afya ya mkulima? Chagua kasi ya ukuaji. Aina zote mbili? Chagua kotoni. Tukimaliza kukata, kinabaki hiki: wakati wa kaskazi, je, kotoni iliyofungwa kwenye maji ya kina hukua upesi kuliko iliyofungwa kwenye maji mafupi? Mzunguko mmoja wa kupanda na kuvuna ukichukua mabamvu matatu, yaani siku 44 hivi, mabamvu sita yanatoa mizunguko miwili. Swali limeingia kwenye muda wake.

Mwanafunzi huliangalia swali hilo kama mtu aliyepeleka gunia sokoni akarudi na kibaba. Lakini ndani ya kibaba hicho kazi ni tele. Tawi la gramu 100 likifika gramu 400 baada ya siku 44, limekua kwa kasi gani kwa siku? Wengi hugawa ongezeko la asilimia 300 kwa 44, wakapata asilimia 6.8. Wamekosea. Mwani hukua kama riba: kilichoongezeka jana nacho kinaongezeka leo. Jibu ni takriban asilimia 3.2 kwa siku, chini ya nusu ya lile la kwanza. Kosa dogo la hesabu kama hilo laweza kumpeleka mkulima kukopa fedha za boti ya kufikia kina akitarajia mavuno yasiyokuja.

Marudio hewa

Mtego unaowanasa wengi zaidi, wakiwemo watafiti wenye nywele nyeupe, ni wa idadi. Mwanafunzi anafunga kamba 30 kwenye shamba moja la maji mafupi na kamba 30 kwenye shamba moja la kina, kisha anatangaza kwamba ana marudio 30 kila upande. Hana. Ana shamba moja kwa shamba moja. Kamba zake 30 zinashiriki mkondo mmoja, mchanga mmoja na kundi lilelile la tasi wanaokuja kuula mwani. Ikionekana tofauti, hawezi kusema imeletwa na kina. Huenda imeletwa na tasi.

Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliandika juu ya kosa hili mwaka 1984, akalipa jina, na tangu hapo wasahihishaji wa tasnifu hulitafuta kama mwenye nyumba anavyotafuta mchwa. Darasani kwangu tunayaita marudio hewa, kwa kuwa Watanzania tunawajua vizuri wafanyakazi hewa: majina yamo kwenye orodha, mishahara inatoka, watu hawapo. Dawa yake ni kutawanya. Badala ya kamba 30 kwenye shamba moja, tafuta mashamba manne ya maji mafupi na manne ya kina, kila moja kamba chache. Jumla ya kamba huenda ikapungua, na bado ushahidi ukawa na nguvu zaidi.

Kuongeza idadi nako kuna bei. Ukitaka kuipunguza kwa nusu shaka iliyopo kwenye wastani wako, vipimo mara mbili havitoshi. Unahitaji mara nne. Hapo ndipo takwimu zinapokutana na nauli. Programu ya kuchambulia, angalau, ni ya bure: R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, miaka ya 1990, haidai leseni wala ada. Jifunze kuitumia kabla ya kwenda baharini, si baada. Mwenye kuijua hupanga uchambuzi wake kwanza, ndipo akajua ni nini hasa cha kupima.

Watu na karatasi

Chuo chenye jina hakimalizi tasnifu. Anayesaidia kuimaliza ni msimamizi. Kabla ya kujisajili, mwendee, mpe shikamoo yake, kisha muulize bila kuona haya: ana wanafunzi wangapi sasa? Wangapi wamemaliza kwa wakati? Vifaa gani vya maabara vinafanya kazi leo? Heshima tuliyolelewa nayo hugeuka pingu hapa. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi, nilikaa miezi minne nikisubiri sura ya pili irudi na masahihisho. Niliona si adabu kumkumbusha mtu mzima. Siku nilipothubutu kugonga mlango, ikaonekana sura haikuwahi kumfikia. Miezi minne ni mabamvu manane.

Vibali navyo vina njia zake. Mwanafunzi wa chuo cha ndani huanza na barua ya chuo chake, na mtafiti mgeni hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Wanyamapori wana taasisi yao ya utafiti, TAWIRI, na utafiti unaogusa afya ya watu hupita kwenye kamati za maadili, ikiwemo ya NIMR. Zanzibar ina utaratibu wake wenyewe, na ukishapata mihuri yote bado una mlango mmoja: kwa sheha. Baada ya sheha wako akina mama wenye mashamba, ambao wakikukatalia hakuna muhuri utakaokuokotea tawi moja.

Kuhusu fedha, tafuta chanzo kinacholipia utafiti wenyewe, maana wengi hupata ada wakakwama kwenye nauli na ngalawa. Kwa sayansi za bahari kuna ruzuku ndogo za MARG zinazotolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao Zanzibar. DAAD ya Ujerumani hufadhili pia wanaosoma hapahapa Afrika. Anayetaka kwenda ng'ambo apige hesabu ileile. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja, na utafiti wake ni miezi michache ya kiangazi. Ujerumani mara nyingi ni miaka miwili, na vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Mwaka mmoja ni nafuu ya muda. Miaka miwili ni nafasi ya kukosea na kurudia.

Wala si lazima kusafiri mbali. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu mwaka 1978. Sokoine, Morogoro, ni chuo kikuu kamili tangu 1984. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, inafundisha uzamili na uzamivu tu.

Siku ya jibu

Kwenye daftari la bahari andika kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka, na kila jioni piga picha kila ukurasa. Ukifika wakati wa uchambuzi, jiandae kwa jambo ambalo hakuna aliyekuambia: huenda usione tofauti yoyote. Hapo ndipo kishawishi cha kupika data huanza, kufuta kamba mbili hapa, kusogeza desimali pale. Usipike. "Hatukuona tofauti" ni jibu, na mashamba yako yakiwa yametawanywa sawasawa, ni jibu lenye thamani. Anayekuja nyuma yako hatapoteza mabamvu yake sita mahali hapo.

Utaitetea tasnifu mbele ya jopo, na jopo litauliza maswali magumu. Lakini kuna mtahini mwingine asiyekaa kwenye jopo. Ni yule mama wa Paje aliyekupa shamba lake kwa miezi mitatu. Ukirudi kumuaga atanyoosha mgongo, ataifuta mikono kwenye kanga iliyolowa, na atauliza: "Haya mwanangu, kotoni niipande hapa au nikaitafutie kina?" Mwenye tasnifu ya athari za mabadiliko ya tabianchi Tanzania atameza mate. Mwenye swali lake dogo atamjibu kwa sentensi moja, hata kama sentensi yenyewe ni kwamba, kwa kaskazi hii aliyoipima, kina hakikuleta tofauti, na fedha ya boti aiweke kwanza.